Onyesha Ukurasa

Papa Biblio alipoteza kazi yake kwa sababu ya sentensi moja, na sentensi hiyo niliiandika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Yeye alijua, mimi nilijua, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna kati yetu aliyefungua kinywa. Nalisema jambo hili mapema, ili msomaji asije akanionea huruma bure huko mbele.

Jina lake sitalitaja. Alikuwa nayo mawili: la ubatizo, ambalo serikali ilitukataza sote kulitumia, na la asili, ambalo alilichagua kwa haraka akiwa kwenye foleni ya kuandikishwa na halikumkaa vizuri. Sisi tuliosoma kwake Bukavu, zamani za Zaïre, tulimwita Papa Biblio kwa kuwa alitunza biblioteki, yaani maktaba, ya parokia. Hata mkewe alimwita hivyo, siku za amani.

Biblioteki yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Kabla ya vitabu ilikuwa stoo ya unga, na panya waliendelea kuja kwa mazoea, wakazunguka kidogo, wakaondoka wamekasirika. Vitabu vingi vilikuwa vya Kifaransa, vilivyoachwa na wazungu waliohama wakiwa na masanduku machache. Vya Kiswahili vilijaa rafu moja na nusu. Paa lilivuja mahali panne, na Papa Biblio alipajua pote kama mtu anavyojua jino lake bovu.

Mgeni akiingia alitafuta vitabu kwa majina ya waandishi. Masikini! Pale mwandishi hakuwa na cheo. Papa Biblio alipanga vitabu kwa kile vinachosema. Alikuwa amebandika karatasi kwenye kila rafu, kwa mwandiko wa shule ya msingi. Rafu ya dirishani iliandikwa: *Wivu unamaliza mwenyewe.* Ya kando ya mlango: *Aliyeondoka harudi yuleyule.* Ya chini kabisa, ambayo ilibidi upige magoti kuifikia: *Watoto wanalipa.* Kitabu cha kutengeneza malori kilikaa pamoja na misiba mikubwa ya wafalme, kwenye rafu ya *Kitu kidogo kinaangusha kikubwa*, na sijaona mtu aliyeweza kumwambia kwamba amekosea. Kitabu cha mapishi ya Ubelgiji kilikuwa chini ya *Watu wanasumbuka bure*. Kitabu cha hesabu kilikaa sakafuni miezi miwili kwa sababu hakuona kinasema nini. Mwishowe akakiweka kati ya vitabu vya ndoa, na hakutueleza.

Tena rafu hazikuwa za milele. Wasomaji watatu wakileta maneno mapya kuhusu kitabu kimoja, na wakayathibitisha, kitabu kilihama. Kwa hiyo ukitaka kitabu ulichokisoma mwaka jana, uliuliza kama unavyouliza habari za mjomba aliyezoea kuhamahama: «Papa, yule siku hizi anakaa wapi?»

Kuazima kulikuwa rahisi. Ulipewa namba, siku kumi na nne, na onyo kuhusu mvua. Kazi ilikuwa kurudisha.

Ulikuja na kitabu, ukafuta miguu kwenye gunia mlangoni, kwa maana udongo wa Bukavu ukinyeshewa unamfuata mtu mpaka kitandani. Ukaketi mbele ya meza yake. Alifumba macho, akaweka mikono miwili juu ya kitabu kana kwamba kitaruka, akasema: «Bon. Kinasema nini?»

Nilipoulizwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikaanza kama watoto wote: «Kuna kijana mmoja alitoka kwao akaenda mjini, akakuta...»

Akainua kidole, macho bado yamefumbwa. «Ile iko habari. Habari hata miye najua kusoma. Nataka neno.»

«Mapenzi,» nikasema.

«Mapenzi iko mulango. Umeingia. Kiisha?»

Baada ya mapenzi mimi sikujua kitu kingine. Nikakimbilia mahali ambapo kila mtoto wa Kiswahili hukimbilia akibanwa, nikamtupia methali: «Haraka haraka haina baraka.»

«Ile iko ya batu bote,» akasema. «Na babu yako alikuwa nayo. Nataka yako, weye mwenyewe, yenye umetoa mu hii kitabu.»

Nikarudi nyumbani na kitabu, nimeongezewa siku tatu, na hasira ya kutosha siku kumi. Niliporudi tena ndipo aliponifundisha, na hadi leo nikiwa mwalimu wa fasihi sina njia nyingine, ingawa nimesoma vitabu vyenye maneno marefu kuhusu jambo hilohilo. Alisema: «Angalia mutu ameingia na nini, na ametoka na nini. Kama iko kitu inakosekana, uliza nani amemunyanganya. Kama hakuna mwizi, uliza alitupa wapi yeye mwenyewe. Pale njo neno inakaa.»

Kijana wangu wa kwenda mjini alikuwa ameingia na jina la baba yake na kutoka na la tajiri aliyemwajiri. Nikasema: «Mtu anaweza kuuza jina lake bila kujua kwamba soko limefunguliwa.» Nilijiona mkubwa kuliko kanisa.

Hakusifu. Alikuwa na maswali mawili, na aliyauliza kwa kila mtu, hata kwa mapadri. La kwanza: «Nani anaweza kukatala?» Kama hakuna awezaye kukataa, halikuwa neno. Mseminari mmoja alimletea «Vita ni vibaya» baada ya kusoma kitabu kinene cha vita, akarudishwa nacho. «Nani atakatala?» Papa Biblio alimuuliza. «Hata mwenye kupiga bunduki anasema vilevile. Kitabu ya kurasa mia ine haikuandikwa kwa ile.»

Swali la pili ndilo lililotutoa jasho: «Onyesha ukurasa.» Ukafungua, ukatafuta, ukaweka kidole. Kama kidole kilitua mahali, alikusogezea fishi, yaani kadi iliyokaa kwenye mfuko wa karatasi nyuma ya kila kitabu, ukaandika sentensi yako kwa mkono wako, na mbele yake namba yako. Jina, hapana. «Jina linafanya mutu aseme vizuri,» alisema. «Nambari inafanya aseme kweli.» Kisha akaipiga muhuri wa parokia, puu!, na ukawa huru kuazima kingine.

Mimi nilikuwa namba 41. Namba 1 alikuwa yeye, alituambia hivyo. Lakini nilipekua fishi nyingi kuliko zilivyotakiwa kupekuliwa na mtoto mwenye adabu, na sikuikuta namba 1 hata mahali pamoja. Nilipomuuliza alisema mwenye nyumba anakula nyuma ya wageni. Nikamwambia wageni wameshiba tangu zamani. Akaniambia nikafunge dirisha, mvua inakuja.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtakatifu. Alitutaka sentensi moja, lakini yeye kusalimia tu kulimchukua robo saa: mama, baba, ng'ombe wa kwenu, dari ya kwenu. Alikataza kelele, na sauti iliyosikika zaidi mle ndani ilikuwa yake akikataza. Aliyekunja pembe ya ukurasa alinyimwa vitabu mwezi mzima. Yeye alilamba kidole kwa kila ukurasa aliofunua, na vitabu vingine vilikuwa vimeota pembe nyeusi kwa mate yake. Alitufundisha tusimhukumu mtu wa kwenye hadithi kabla ya ukurasa wa mwisho. Watu wa nje ya hadithi aliwahukumu kwa viatu, kabla hawajavuka gunia.

Na alikuwa mwoga. Hili halikuwa siri, alilitangaza mwenyewe kama mtu anavyotaja kabila lake. Aliogopa mbwa. Aliogopa ziwa: wakwe zake walikuwa Kalehe, mahali ambapo kwa mashua unafika umekaa, yeye alipanda lori la mbao akafika na vumbi mpaka masikioni. Aliogopa shemeji yake mmoja, mtu mfupi sana. «Miye niko muoga,» alisema, «njo maana nilitafuta kazi ya vitabu. Kitabu haipige mutu.» Hapo alikuwa hajajua.

Kati ya wasomaji wote aliyemsumbua alikuwa mama mmoja Mwislamu, muuza vitambaa, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Uvira waliotoka pwani zamani. Tulimwita Maman wa Vitambaa. Hakuingia ndani, alisema nyumba ya kanisa yeye mwisho wake mlangoni, basi akawekewa kiti pale mlangoni, akasomea pale, nusu juani. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi.

«Si ‹kitabu iko›, baba,» alimwambia. «Kitabu kipo.»

«Maman, kipo ao iko, kinasema nini?»

«Kinasema mwanamke akisubiri sana husahau alikuwa anamsubiri nani.»

«Onyesha ukurasa.»

Na alionyesha. Fishi zake zilikuwa bora kuliko za sote, nami nilimwonea wivu waziwazi. Ndiye aliyeleta vile vichache vya Kiswahili, vikiwa vimefungwa ndani ya marobota ya vitenge, na ndiye aliyeleta kitabu cha kijani.

Kilikuwa chembamba, kurasa sitini hivi, jalada la kijani lisilo na picha. Hadithi yake unaweza kuisimulia kabla sufuria ya maharage haijachemka. Mfalme mmoja anawaogopa watu wake, anaweka walinzi. Kisha anawaogopa walinzi, anaweka walinzi wa kuwalinda walinzi. Kila mwaka anachukua wanaume wengine kutoka mashambani, anawapa mikuki, mpaka hakuna anayelima. Mwishowe mfalme amefungiwa chumbani kwa usalama wake, ufunguo umepita mikono mingi mpaka haujulikani uliko, na nje walinzi wamekaa na mikuki yao, hawana unga. Hapo hadithi inaisha.

Nilikisoma kwa jioni mbili. Nikakirudisha. Nikaandika kwenye fishi, kwa kalamu iliyovuja: «41. Mkubwa anayeogopa watu wake ndiye mfungwa wao wa kwanza.»

Papa Biblio alifumbua macho. Aliisoma mara mbili. Aliuliza nani anaweza kukataa, nikasema mkubwa mwenyewe. Aliuliza ukurasa, nikaonyesha. Akachukua muhuri, akaushika hewani muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha puu. Sheria ilikuwa sheria. Mimi nilikuwa mtoto, sikuona kitu zaidi ya sentensi nzuri. Baba yangu alikuwa karani katika ofisi ya mkoa, na katika miaka ile mtoto akisema jambo, baba ndiye aliyeulizwa amelipika lini. Jambo hilo nilikuwa nalijua, tena vizuri. Sikuliunganisha tu na kalamu yangu.

Ilipita miezi. Siku ya Jumatano mchana aliingia kijana wa serikali, amevaa abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya watu wa serikali, viatu safi ajabu kwa siku ya mvua. Alisema ametumwa kuangalia kama vitabu vya parokia vinafaa kwa mwananchi. Papa Biblio akaanza salamu, akafika kwenye ng'ombe, kijana akamkatiza. Akasimama mbele ya rafu, akaona vitabu ni vingi na ni virefu. Basi akaanza kusoma fishi, kwa sababu fishi ni fupi.

Mbali na yeye tulikuwa watu watatu tu: Papa Biblio, mimi kwenye benchi la dirishani, na Maman wa Vitambaa kwenye kiti chake cha mlangoni. Niliona mkono wa yule kijana ukitoa kitabu cha kijani.

«Citoyen,» kijana akasema, yaani mwananchi, kama tulivyolazimishwa kuitana. «Hii 41 ni nani?»

Papa Biblio akavua miwani, akaifuta, akaivaa. «Sijue.»

«Hujui? Na weye njo unapeana nambari?»

«Napeana. Kiisha banasoma, banabadilika. Sijue ni nani.»

«Kuna rejista.»

«Nambari niko nayo mu kichwa.»

«Hii sentensi,» kijana akasema, akiigonga kwa kidole, «inasemea nani?»

Na hapo Papa Biblio, mwoga wa mbwa na wa shemeji mfupi, alifanya jambo moja tu alilolijua. Aliweka mikono mezani, akafumba macho. «Hii kitabu iko ya mufalme fulani wa zamani. Hana hata jina. Weye citoyen unaona inasemea nani? Sema. Kiisha onyesha ukurasa.»

Yule kijana alifungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena. Jamani, angesema nini? Angesema kwamba aliposoma habari za mkubwa anayeogopa watu wake kuna mtu fulani aliyemjia kichwani? Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi? Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kama si hofu ningecheka.

«Binti,» Maman wa Vitambaa akasema kwa sauti kubwa kutoka mlangoni, «hebu njoo unibebee robota langu, mgongo leo hauniwii radhi.»

Siku hiyo hakuja na robota lolote. Nikainuka, nikapita kati ya meza na abakosti, nikatoka nimebeba hewa. Tulitembea hadi barabarani, yeye mbele mimi nyuma, mikono yangu ikiwa imenyooka mbele kama yenye mzigo. Alipogeuka akaniona hivyo akasema, «Teremsha sasa, mwanangu.» Nikalia pale pale njiani.

Watu wa serikali wakamchukua Papa Biblio hadi ofisini kwao, kwa kuwa namba zilikuwa kichwani na kichwa hakitembei peke yake. Alikaa huko siku tatu. Kijana aliondoka pia na kitabu cha kijani na fishi yake. Siku ya nne nilimwona Papa Biblio akirudi kwa miguu, miwani ina kioo kimoja, anatembea kama mtu aliyeazima miguu. Nilikuwa ng'ambo ya barabara na ndoo. Alinitazama kwa jicho lenye kioo, akaendelea kutembea. Nilipaswa kuvuka, na sikuvuka. Niliogopa, hiyo ndiyo kweli yote, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Kwenye mlango wa biblioteki palikuwa na tangazo la Kifaransa kizuri sana: chumba kimefungwa kwa kukosa choo. Ndivyo ripoti ilivyosema, kwa maana sababu nyingine isingeandikika. Na katika mambo yote yaliyompata, watu wanasema Papa Biblio alilalamikia hilo tu. Alisimama mbele ya tangazo akipiga kelele hadi padri akatoka: «Choo iko! Iko pale nyuma! Nimepaka chokaa miye mwenyewe!»

Kufuli ikakaa. Unga ukarudi mahali pake, na panya wakapata haki yao. Papa Biblio akahamia Bagira, kwenye kishamba kidogo nyuma ya nyumba ya binti yake, akalima lenga-lenga, yaani mchicha. Baba yangu aliendelea kuwa karani, akastaafu salama, akafa akiamini kwamba binti yake alikuwa mtoto mtulivu. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu. Kila mwaka nilisimama mbele ya darasa nikasema, «Hiyo ni habari, nataka neno,» na kila mwaka kuna kitu kilinichoma hapa chini ya ubavu. Bagira si mbali. Minibasi inaondoka kila inapojaa. Nilikuwa na sababu za kutokwenda, na zote zilikuwa nzuri.

Aliyenisukuma ni mwanafunzi. Nilikuwa nimemuuliza dhamira ya hadithi fulani, akasema: «Mwalimu, hadithi hii inasema mtu anaweza kumshukuru mwenzake moyoni mpaka wote wawili wakafa.» Nikamwambia aonyeshe ukurasa. Akaonyesha. Jumamosi iliyofuata, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, mikono ikiwa bado na udongo wa kufyeka mitaro ya serikali, nikapanda minibasi.

Nilimkuta ameinama kwenye lenga-lenga. Alikuwa amezeeka upande mmoja kuliko mwingine. Miwani ilikuwa ileile, na mahali pa kioo kilichopotea alikuwa amebandika kipande cha katoni. Hakuuliza mama wala ng'ombe.

«Arobaini na moja,» akasema. «Futa miguu.»

Nikafuta. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, ina utangulizi na kila kitu. Nilisema tu: «Papa, ile sentensi ilikuwa yangu.»

«Najua. Kalamu yako ilikuwa inavuja.»

«Juu ya nini hukunitaja?»

Akafikiri, kweli akafikiri, kama vile swali lilikuwa jipya. «Waliniuliza 41 iko nani. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Nani anajua mutu wa miaka kumi na sita iko nani? Nilibaambia kweli.»

Nikataka kupiga magoti, akakataa, akasema nitavunja mimea. Nikamwomba msamaha hata hivyo, nimesimama, nikilia na kamasi zikitoka, mwalimu mzima. Aliningoja nimalize. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu cha kijani.

Nilidhani macho yananidanganya. «Kilitoka wapi?»

«Kijana wa abakosti alikileta. Mwaka mbili sasa. Hana tena abakosti, hana tena kazi. Alisimama pale ku mulango ya lupango, akasema kinamusumbua mu nyumba. Nikamwambia siwezi kukipokea hivi. Kinasema nini?»

«Akasema?»

«Nilimupa nambari. Soma.»

Nilitoa fishi. Sentensi yangu ilikuwa pale, na doa la wino. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza ripoti: «212. Walinzi nao hawakuwa na unga.»

«Nilimwambia, hii iko habari, haiko neno,» Papa Biblio akasema. «Akanijibu, ‹Papa, kwangu iko neno.› Akaonyesha ukurasa. Ningefanya nini? Muhuri ilibaki ku parokia, nikatia kidole na udongo.» Kweli, mbele ya 212 palikuwa na alama ya kidole.

Akanipa kitabu. «Siku kumi na ine. Mara ile ya kwanza ulisoma mufalme peke yake. Rudia.»

Nilikisoma usiku huohuo, na tena Jumapili. Ukurasa wa thelathini na nane nilisimama. Kulikuwa na mistari minne ambayo nikiwa na miaka kumi na sita niliiruka, kwa maana haikuwa na mfalme. Mfalme anamwita mchota maji wa nyumbani, mzee anayeogopa hata kivuli chake, na anamuuliza ni nani aliyesema kisimani kwamba nyumba hii ina mikuki mingi na vyungu vichache. Mzee anajibu: «Nilisikia maji tu.» Anapigwa. Hatajwi tena mpaka mwisho wa kitabu.

Nilirudi Bagira kabla ya siku kumi na nne. Nilimkuta ameketi kwenye stuli mlangoni, mguu umemvimba. Nikafuta miguu. Akafumba macho, akaweka mikono juu ya kitabu.

«Bon. Kinasema nini?»

«Mwoga mmoja aliyenyamaza alikuwa na nguvu kuliko walinzi wote.»

«Onyesha ukurasa.»

Nikaonyesha. Aliinamia mistari ile minne kwa jicho lenye kioo, akaisoma, akalamba kidole akafunua ukurasa wa pili kuona kama mzee yule anarudi, ingawa alijua harudi.

«Nakatala,» akasema. «Ule muzee aliogopa tu. Sauti ilimukatikia.»

«Basi liko neno, Papa. Kuna mtu wa kukataa.»

Akanisogezea fishi, nikaandika yangu. Nilipomaliza hakuirudisha mfukoni mwa kitabu. Aliomba kalamu. Akainama, akaandika polepole kwa ule mwandiko wa shule ya msingi wa kwenye rafu, chini ya maneno yangu: «1. Nakatala.» Kisha akachovya kidole kwenye udongo wa lenga-lenga, akaweka alama mbele ya namba zetu, yangu na yake, akapuliza ikauke.